Hesabu Siku Kabla ya Kuchuma: Habari Mpya za Dawa za Mimea



Je, unajua kabeji yako inakokwenda baada ya lori kuondoka langoni kwako? Wengi wetu twajua mpaka Marikiti tu, yaani lile Soko la Wakulima lililoko Nairobi. Tukishapokea pesa zetu twarudi kupalilia, na habari ya kabeji imekwisha. Lakini kabeji hailali Marikiti. Alfajiri akina mama wauza mboga wanainunua, inapakiwa juu ya mkokoteni au matatu, na kabla ya adhuhuri iko Kawangware au Kibera juu ya meza ya mbao kando ya njia. Jioni iko chunguni.

Mwezi huu nataka tuifuate mboga hiyo mpaka kwenye sahani. Sababu ni kwamba Serikali imetoa habari kubwa kuhusu dawa za kuulia wadudu na magonjwa ya mimea, na mkulima asiyejua mboga yake inaliwa na nani ataiona sheria hiyo kuwa usumbufu tu.

KOSA LANGU MWENYEWE

Kabla ya kukufundisha wewe, yafaa nikiri kosa langu. Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo. Nilisomea ualimu, na nyumbani mpaka leo huniita Mwalimu. Nina kipande cha sukuma wiki katika ploti ya baba yangu. Jumanne moja niliona vidukari chini ya majani, nikachukua bomba la mgongoni nikapiga dawa. Lebo ya dawa ile ilisema: usichume kabla ya siku 7 kupita. Niliisoma vizuri sana, maana kusoma ndiyo kazi yangu.

Alhamisi broka akafika na pesa mkononi. Bei ilikuwa nzuri, na alisema hatarudi wiki ile. Nikachuma. Siku mbili tu zilikuwa zimepita.

Jumamosi nilikwenda Nairobi kwa shughuli nyingine, nikamtembelea dada yangu anayekaa Makina, katika mtaa wa Kibera. Akanipikia ugali na sukuma wiki. Mtoto wake wa miaka mitatu akakaa karibu yangu, akala kwa furaha. Nikamwuliza dada, "Mboga hii umeinunua wapi?"

"Kwa mama wa pale kwenye kona. Ameileta asubuhi kutoka Marikiti."

"Na imetoka shamba la nani?"

Dada akacheka. "Mwalimu, tangu lini mboga ikawa na jina?"

Sikusema neno. Pengine sukuma wiki ile haikuwa yangu. Lakini ilikuwa ya mtu kama mimi, na sikuwa na njia ya kujua kama yeye alihesabu siku au hakuhesabu. Dada yangu hakuwa na njia. Mama wa kwenye kona hakuwa na njia. Mtu mmoja tu alijua, naye ni mkulima, na hakuwapo pale mezani.

Ndugu mkulima, hilo ndilo jambo ninalotaka ulishike. Mengine yote katika ukurasa huu yanatokana na hilo.

SERIKALI IMESEMA NINI

Nchini Kenya dawa za mimea husimamiwa na Bodi ambayo kifupi chake ni PCPB. Bodi hiyo iko Loresho, Nairobi, karibu na barabara ya Waiyaki. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 1982, ambayo ni Sura ya 346 ya Sheria za Kenya. Sheria hiyo yasema kwamba mtu haruhusiwi kuingiza wala kuuza dawa ya mimea ambayo haikuandikishwa na Bodi, wala dawa isiyofungwa na kuwekewa lebo kama inavyotakiwa.

Kuandikisha dawa si kupiga muhuri tu. Kampuni hutakiwa kuleta maelezo ya dawa yenyewe, sumu yake, na jinsi inavyokaa katika chakula, udongo na maji. Kisha dawa hujaribiwa hapa hapa Kenya, katika mashamba yetu na juu ya wadudu wetu, ili ionekane kama inafanya kazi inayotajwa. Ikikubaliwa hupewa namba, na hukubaliwa kwa mimea iliyotajwa tu, si kwa kila kitu kinachoota.

Sasa habari yenyewe. Mwezi wa Juni 2025 Waziri wa Kilimo, Bwana Mutahi Kagwe, alitangaza matokeo ya uchunguzi wa dawa zilizokuwa zikiuzwa nchini. Dawa 77 ziliondolewa sokoni. Dawa 202 zikawekewa mipaka, maana yake ni kwamba zaweza kutumika kwa mimea fulani tu au kwa masharti fulani tu. Dawa nyingine 151 zilikuwa bado zinachunguzwa wakati huo. Waziri alisema pia kwamba dawa isiyoruhusiwa kutumika katika nchi inakotengenezwa haitaandikishwa hapa kwetu. Hatutakubali tena kuuziwa kile ambacho mwenyewe amekikataa nyumbani kwake.

Habari hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 2019 Bi. Gladys Shollei, aliyekuwa Mbunge Mwakilishi wa Wanawake wa Uasin Gishu, alipeleka ombi Bungeni kwamba dawa zenye madhara ziondolewe. Bunge likasikiliza pande zote: wakulima, wenye viwanda, madaktari na wataalamu wa mazingira. Mabishano yalikuwa makali, maana wengine waliogopa kwamba bila dawa hizo mavuno yatapungua, na hofu hiyo si ya kuchekwa.

JINA LA PAKITI NA KIINI CHA DAWA

Hapa wakulima wengi huchanganyikiwa, basi tuelewane. Dawa ina majina mawili. La kwanza ni jina la biashara, lile lililoandikwa kwa herufi kubwa na rangi za kupendeza. La pili ni jina la kiini, yaani kile kitu hasa kinachoua mdudu au ukungu. Hilo huandikwa kwa herufi ndogo, pamoja na kipimo chake.

Fikiri habari ya unga wa mahindi. Dukani kuna pakiti za majina mengi, lakini ndani ya zote ni unga wa mahindi. Vivyo hivyo kiini kimoja chaweza kuuzwa kwa majina kumi ya biashara. Kwa hivyo ukiambiwa dawa fulani imeondolewa, usikimbilie pakiti ya jina jingine kabla hujasoma kiini chake. Huenda umekimbia moto ukaingia jikoni.

Miongoni mwa viini ambavyo Bodi iliamua viondolewe katika matumizi ni acephate, chlorothalonil, pymetrozine na thiacloprid. Mkulima wa viazi na nyanya hapana shaka amekutana na chlorothalonil, maana ilitumika sana dhidi ya baka jani, ule ugonjwa ambao wengi huuita blaiti. Angalia stoo yako leo, si kesho, usome kiini cha kila chupa na kila pakiti.

KWA NINI DAWA NZURI YA JANA HUKATAZWA LEO

Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, ninyi watu wa ofisi mnabadilika kama hali ya hewa. Mlituambia tutumie, sasa mnatuambia tuache." Nilimjibu kwa heshima kwamba ni kweli, na nikamweleza sababu.

Mwaka 1962 mpango wa eka milioni moja ulipoanza, na babu zetu wakapewa ploti katika Kinangop na kwingineko, dawa iliyosifiwa sana ilikuwa DDT. Mabwana shamba wenyewe walifundisha jinsi ya kuitia katika mahindi ili kuua kiwavi wa bua. Mwaka ule ule wa 1962, huko Marekani, Bibi Rachel Carson alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba dawa hiyo haiishi upesi. Hubaki katika udongo, huingia katika samaki na ndege, na hukaa katika mafuta ya mwili wa binadamu. Marekani iliikataza mwaka 1972. Kenya iliiondoa katika kilimo mwaka 1986. Mwaka 2004 Kenya ilijiunga na Mkataba wa Stockholm, unaokataza dunia nzima sumu za namna hiyo, na mwaka 2011 kiini kingine, endosulfan, kikaongezwa katika orodha ya mkataba huo.

Wengi wenu mwakumbuka pia Furadan, ile dawa ya chembe za zambarau. Ilitengenezwa kwa ajili ya wadudu wa udongoni, lakini watu wakaitia katika mizoga ili kuua simba waliokula ng'ombe wao. Simba walikufa, na tai waliokuja juu ya mizoga wakafa pia. Mwaka 2009 kampuni iliyoitengeneza, FMC, iliiondoa katika soko la Kenya.

Kwa hivyo, ndugu mkulima, Bwana Shamba wa zamani hakuwa mwongo. Alisema alilolijua siku ile. Maarifa yameongezeka, na mtu mwenye akili hubadili mwendo akiona shimo mbele.

SOKO LA KAWANGWARE LATUAMBIA NINI

Siku nyingine nilipanda matatu namba 46 nikashuka Kawangware, nikatembea sokoni bila kusema kwamba natoka ofisi ya kilimo. Nyanya zimepangwa mafungu mafungu, sukuma wiki inakatwa papo hapo kwa kisu chembamba, na wateja wanatoka kazini wakiwa na shilingi chache mkononi. Nikamwuliza mama mmoja anajuaje kama mboga imepigwa dawa hivi karibuni.

"Mimi naangalia nyanya," akasema. "Ikiwa na unga mweupe, naipangusa kwa kitambaa."

"Na sukuma wiki?"

"Sukuma wiki nachagua ile yenye tundu kidogo. Mdudu akiila, hata mtu ataila. Lakini wateja hawaitaki, mwanangu. Wanataka jani zima, linalong'aa. Sasa nifanye nini?"

Maneno ya mama huyo yana mafundisho matatu.

Fundisho la kwanza ni kwamba tundu katika jani si ushahidi. Huenda mdudu alikula Jumapili na mkulima akapiga dawa Jumatatu.

La pili, kupangusa na kuosha kunasaidia, lakini si kwa kila dawa. Ziko dawa zinazokaa juu ya jani, na hizo maji hupunguza. Ziko nyingine zinazoingia ndani ya mmea na kutembea pamoja na utomvu wake. Hizo hata ukiosha kwa maji ya chumvi mara saba hazitoki. Kinachozipunguza ni siku kupita, mmea ukiendelea kukua na jua likifanya kazi yake.

La tatu, mnunuzi naye ana sehemu yake ya lawama. Akitaka jani lisilo na alama hata moja, mkulima atapiga dawa mpaka siku ya kuchuma. Habari hiyo nitaiandika siku nyingine, maana leo nasema na wewe mkulima.

Sasa linganisha na mboga za Ulaya. Tangu Januari 2013 nchi za Umoja wa Ulaya ziliamuru kwamba shehena 10 katika kila 100 za maharage mabichi na njegere kutoka Kenya zipimwe mpakani, kwa kuwa yalipatikana masalio ya dawa kama dimethoate kupita kiasi. Wakulima na wachuuzi walipata hasara. Lakini walijifunza upesi: wakaanza kuandika tarehe, wakafuata lebo, wakaacha dimethoate katika mboga hizo.

Je, mtoto wa Kibera si sawa na mtoto wa London? Tofauti ni kwamba London kuna mtu anayepima mpakani. Hapa kwetu shirika la KEPHIS, lenye makao yake Karen, huchukua mboga kidogo kidogo kutoka masoko na kuzipima. Hiyo ni kazi njema, lakini haiwezi kusimama mbele ya kila meza ya mboga. Bodi iko Loresho, maabara iko Karen, na Kawangware iko katikati yao. Hata hivyo kati ya shamba lako na chungu cha dada yangu hakuna askari. Kuna wewe na daftari lako.

MAMBO MATANO YA KUSOMA KATIKA LEBO

Kabla hujatoa pesa dukani, shika chupa au pakiti usome mambo haya. Kama macho yako hayaoni vizuri herufi ndogo, mwombe mtoto wako wa shule akusomee. Si aibu.

1. Namba ya Bodi. Tafuta herufi PCPB, kisha (CR), kisha namba. Pasipo namba hiyo, rudisha dawa juu ya rafu uondoke. Ukiwa na shaka, orodha ya dawa zilizoandikishwa iko katika tovuti ya Bodi, na Bwana Shamba au Bibi Shamba aweza kukuangalizia.

2. Jina la mmea na la mdudu. Kama lebo yasema waridi au kahawa, usiipige katika sukuma wiki. Muuzaji akisema, "Hata katika mboga inafanya kazi," mwulize imeandikwa wapi. Kuua mdudu ni jambo moja, kufaa kuliwa ni jambo jingine. Na kumbuka zile dawa 202 zilizowekewa mipaka: huenda dawa uliyoizoea bado inauzwa, lakini mmea wako si miongoni mwa iliyokubaliwa.

3. Kipimo. Tumia kikombe cha kupimia, si kifuniko cha chupa wala makisio ya macho. Kuzidisha dawa hakuzidishi mavuno. Huzidisha gharama, huzidisha masalio, na huwafanya wadudu wawe sugu.

4. Rangi ya ukanda chini ya lebo. Nyekundu ni sumu kali mno. Manjano ni sumu yenye hatari. Buluu ni hatari ndogo zaidi. Kijani ndiyo yenye hatari ndogo kupita zote. Lakini hata yenye kijani si maziwa: vaa glavu, buti, nguo ndefu na kinga ya pua na macho.

5. Siku za kungoja kabla ya kuchuma. Hapa ndipo nilipokosa mimi. Namba hiyo hutofautiana. Dawa moja huenda ikataka siku 3, nyingine 7, nyingine 14 au zaidi. Tena dawa hiyo hiyo yaweza kutaka siku mbalimbali kwa mimea mbalimbali. Usitumie kumbukumbu ya mwaka jana. Soma ile iliyo mkononi mwako.

HESABU YA SIKU

Nunua daftari la shule. Piga mistari upate safu tano: tarehe ya kupiga dawa, kipande cha shamba, jina la dawa na kiini chake, siku za kungoja, na tarehe ya kwanza ya kuchuma. Mfano: umepiga dawa tarehe 3, lebo yasema siku 7. Tatu na saba ni kumi. Usichume kabla ya tarehe 10. Ni hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza, lakini iko mikononi mwa watu wazima, na watu wazima wana madeni.

Nalijua jibu lako. Utasema, "Mwalimu, broka hangoji. Nikikataa leo, ataingia kwa jirani, nami nitabaki na mboga inayozeeka shambani." Ni kweli, na mimi mwenyewe nilishindwa hapo. Lakini tangu siku ile ya Makina nimefanya mambo manne, na yamenisaidia.

Kwanza, nachuma kabla ya kupiga dawa. Broka akija Alhamisi, nampa mboga, kisha Ijumaa ndipo napiga dawa kama lazima iko. Hivyo siku za kungoja zinapita wakati majani mapya yanakua.

Pili, nimegawa kipande changu mara mbili. Upande mmoja ukiwa unangoja, upande wa pili unachumwa. Nimetia kijiti chenye kitambaa chekundu upande unaongoja, ili hata mke wangu au kibarua asichume kwa kutojua. Nasi wa nyumbani pia hatuchumi hapo.

Tatu, kwa mmea unaochumwa mara kwa mara, kama nyanya zikishaanza kuiva, nachagua dawa iliyoandikishwa yenye siku chache. Zile zenye siku nyingi hutumika mapema, kabla matunda hayajakaribia kuiva.

Nne, tumekubaliana majirani sita kwamba broka ataambiwa tarehe mapema, na hakuna atakayemchumia mwenzake asipokuwa tayari. Mmoja akisema hapana, broka huenda kwa wa pili. Sita wakisema tarehe 10, broka huja tarehe 10. Umoja ni nguvu.

Zaidi ya hayo, dawa isiyopigwa haihitaji kungojewa. Usipande viazi baada ya nyanya, wala nyanya baada ya viazi, maana ni ndugu na ugonjwa wao ni mmoja. Tumia mbegu safi. Kagua chini ya majani mara mbili kwa wiki. Vidukari wachache huoshwa kwa maji ya sabuni, na majani yaliyojaa hutolewa na kuharibiwa. Piga dawa ukiona haja, si kwa sababu ni Jumanne.

CHUPA ILIYOBAKI

Kuna habari nyingine niliyoiona Kibera ambayo yatuhusu sisi wa mashambani. Kando ya njia kuna wachuuzi wanaouza dawa ya kunguni, mende na panya katika vichupa vidogo visivyo na lebo. Hakuna jina la kiini, hakuna namba, hakuna kipimo. Mama anayeteswa na kunguni hununua kwa shilingi chache, ananyunyizia kitanda, na usiku huo watoto wanalala juu yake katika chumba kimoja kisicho na dirisha.

Dawa kama hizo mara nyingine ni dawa za shamba zilizomiminwa kutoka chupa kubwa. Kwa hivyo usimuuzie mtu wala kumpa dawa iliyobaki, na usiimimine katika chupa ya soda hata ndani ya nyumba yako. Mtoto huijua chupa ya soda, haijui sumu. Chupa iliyokwisha isuuze mara tatu, maji ya kusuuza yarudishe katika bomba uyanyunyizie shambani, kisha itoboe isitumike tena kwa maji wala maziwa. Usiichome wala usiitupe mtoni.

Na kama stoo yako ina dawa iliyoondolewa, usiimalize kwa kuionea huruma pesa yako, usiizike, wala usiimwage. Iache katika chupa yake yenye lebo, uifungie mbali na watoto na chakula, kisha umwulize Bwana Shamba na duka lililokuuzia jinsi ya kuirudisha. Risiti itakusaidia, basi dai risiti kila ununuapo. Mtu akinywa au akimwagikiwa na dawa, mpeleke hospitali upesi pamoja na chupa yenye lebo, ili daktari ajue sumu gani anapambana nayo.

GUNIA LA MLANGONI

Nimalize na jambo moja lililonifurahisha. Tangu mwaka 2008 wakazi wengi wa Kibera wamejifunza kulima sukuma wiki na spinachi katika magunia yaliyojaa udongo, na shirika la Solidarités la Ufaransa liliwasaidia kuanza. Gunia husimama mlangoni, na mboga hutoka pande zote kama nywele. Mkulima wa gunia hana lori wala broka. Anachopanda ndicho anachokula usiku, yeye na watoto wake. Akikosea siku, atakayeumia yuko ndani ya nyumba hiyo hiyo.

Basi, ndugu mkulima, ploti yako ni gunia lile lile, ila kubwa zaidi na mlango wake uko mbali. Wanaokula kutoka kwako hawakujui, nawe huwajui. Hawawezi kukuuliza ulipiga dawa siku gani. Wamekuamini bila kukuuliza.

Sasa kila niendapo Makina, dada yangu hunitania kabla ya kupakua. "Mwalimu, leo mboga imeshinda mtihani?" Mimi humjibu kwamba ya kwangu imeshinda, ya wengine sijui. Nisaidie nipate jibu lililo bora zaidi ya hilo. Kesho asubuhi fungua stoo, soma lebo, nunua daftari. Na broka akipiga hodi kabla ya tarehe, mwambie arudi.